Kumwosha Mheshimiwa

Pale gazetini walimwita Mwosha, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika tanzia za wakubwa, na hakuna mkubwa aliyetoka mikononi mwake na doa. Mbele ya meza yake ilibandikwa karatasi ya Mhariri, imepauka kwa jua, yenye maneno yasiyofaa na yale ya kuwekwa badala yake. Mkatili aliandikwa "mwenye msimamo". Aliyeng'ang'ania kiti mpaka akakifia, "hakuchoka kutumikia". Aliyekula mali ya umma akabakisha sahani, huyo alikuwa "mwanamaendeleo". Ukifa ukiwa mkubwa, ndugu yangu, unatakata papo hapo, hata dhambi zile ulizojivunia.

Asubuhi hiyo akafa Waziri wa Ardhi.

Tanzia yake ilikuwa tayari kwenye droo, maana gazeti lilipenda kujipanga mapema. Tena hii ilikuwa na baraka za mwenyewe. Miaka mitatu nyuma Mheshimiwa alipata habari kwamba ipo, akaagiza aletewe, akaisoma akiwa mzima wa afya, akairudisha na masahihisho. Palipoandikwa "alipendwa na wengi", alikata "wengi" akaandika "wote".

Mwosha alikuwa anaipangusa vumbi tanzia hiyo, simu ilipolia. Alikuwa mama yake.

"Amekufa kweli?"

"Amekufa, mama."

"Mungu amlaze anapostahili. Utamwandika wewe?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi mwandike na baba yako."

Hakuwa na haja ya kueleza. Baba alikuwa fundi saa, na siku nyumba za bondeni zilipovunjwa alikuwa kitandani, hawezi kusimama. Walimtoa na godoro lake, wakamlaza barabarani kwenye mvua, Mheshimiwa akitazama akiwa chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine. Siku ya nne fundi saa akafa. Gazeti liliandika kwamba bonde limesafishwa. Mwosha, mwenye mwezi mmoja kazini, ndiye aliyepewa habari ile arekebishe nukta na mkato, na alirekebisha vizuri sana. Aibu hiyo hakuwahi kumwambia mama.

"Watanifukuza, mama."

"Sijasema umtukane. Maiti hatukanwi, nilikulea hivyo. Sema alichofanya, basi."

Akakaa kuandika. Alitumia maneno yote ya kwenye karatasi, hakuruka hata moja, na katikati akaweka haya:

"Hakuwaachia wasaidizi kazi nzito. Siku nyumba za bondeni zilipovunjwa, alisimama mwenyewe kwenye mvua tangu alfajiri, kwa msimamo ule ule, hadi nyumba ya mwisho, ambamo fundi saa mgonjwa alitolewa na godoro lake akalazwa barabarani. Mheshimiwa hakuondoka mpaka kazi ikaisha. Fundi saa alifariki siku ya nne."

Mhariri hakuwa na desturi ya kusoma tanzia. Alizipekua. Kidole chake kilishuka ukurasa mzima kikitafuta maneno yaliyokatazwa, kisipate. Neno "alifariki" halikukatazwa. Lingekatazwaje, na ndilo lililojaza ukurasa ule kila wiki?

"Safi," akasema. "Hapa pa kusimama mwenyewe kwenye mvua pamenigusa."

Kesho yake mazishi yalirushwa redioni. Mwosha aliomba ruhusa akaenda kusikiliza kwa mama, kwenye chumba chake cha kupanga. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameanza kukipigia hesabu kiti cha baba yake, alisimama na gazeti la asubuhi akalisoma kwa sauti ya kampeni. Hakuwa amelipitia. Nani hupitia sifa za baba yake? Akasoma mwenye msimamo, akasoma mwanamaendeleo, watu wakapiga makofi. Akafika kwenye mvua. Sauti ikapungua. Akafika kwenye godoro, na hakuweza kuruka, kwa kuwa kila mwombolezaji alikuwa na gazeti hilo hilo magotini. Aliposema "siku ya nne", redio ikanyamaza kabisa. Kisha mtu fulani, mbali huko nyuma, akasema kwa sauti: "Kweli!"

Mama akafunika uso kwa kanga. Miaka yote ile hakuwahi kulia mbele ya mwanawe. Sasa alilia kwa sauti, na Mwosha akalia naye.

Simu ikaita. Alikuwa Mhariri. Alisema kwa ufupi, na Mwosha akaitika "ndiyo" mara tatu, akaizima.

"Kazini hao?" mama akauliza. "Wanasemaje?"

"Wanasema nimelitumikia gazeti kwa moyo wangu wote."

Mama akamtazama, macho bado yamelowa.

"Wamekufukuza," akasema, akaenda kumbandikia chai.