Twyla Yumo Ndani ya Ngoma

Dada yangu Twyla alikufa Jumatatu asubuhi, jikoni kwa mama, akisubiri mkate wa mahindi uive. Mshipa ulipasuka kichwani. Albamu yetu ilikuwa imekamilika, isipokuwa sauti yake. Alikuwa ameimba sauti za mwongozo tu, za kutuongoza sisi wapigaji, akiwa na mafua. Mafua yakiisha angerudi studio kuimba upya.

Baada ya mazishi, Renfro wa kampuni ya rekodi alituita studio, Nashville, mimi na binamu yangu Vernell, mpiga fidla. Alishampata msichana wa kuimba nyimbo zote badala ya Twyla.

"Poleni sana, jamani. Lakini redio hazipigi mafua. Singo ya kwanza lazima itoke safi."

"Hayo mafua yana mwenyewe," Vernell alisema.

"Na mwenyewe hayupo, dada. Ndiyo shida yangu."

Mimi si msemaji. Twyla alikuwa na mdomo wa ukoo mzima. Nikamwomba Odell, fundi sauti, azime kila kitu, abakize ngoma zangu peke yake.

Ngoma zikalia. Nyuma ya mapigo, kwa mbali, Twyla akaimba, kisha akaniambia, "Harlan, punguza mbio, hakuna anayekufukuza."

Odell akazima ngoma, akaweka fidla. Twyla tena. Hakupenda kile chumba cha vioo wanamofungiwa waimbaji. Tulipokuwa tukirekodi alisimama katikati yetu, na sauti yake ikaingia kwenye kila maikrofoni.

"Sauti yake haifutiki humo," Odell alisema. "Labda wapige upya."

"Basi mtapiga upya," Renfro akaniambia.

"Hatupigi."

"Nitaleta wapigaji wengine."

"Walete. Na jina la bendi uje na lako, maana hili ni la baba yetu, na mkataba unasema hivyo."

"Kijana, unajua nyimbo ngapi zimeozea kwenye makabati yangu?"

"Na albamu hii ioze, sisi tukiwa ndani," Vernell alisema. "Msiba tumeshauzoea."

Renfro alimtazama Odell, lakini Odell alikuwa anafuta miwani.

"Mtaipata singo moja kwa sauti yake," alisema mwishowe. "Msije kunililia."

"Hatukuja kulia hapa," nilimjibu.

Wimbo unatoka Ijumaa. Kampuni haitoi hata senti ya kuutangaza, na singo ya pili imeikataa. Mimi na Vernell tunaupeleka wenyewe kwenye vituo vya redio, tukianzia Knoxville.