Aliambiwa Asiguse

Jumatano ile Daktari Octavian alifanya kosa la watu wema: alimpigia simu Bibi Eustadia kabla kazi haijaisha. Akamwambia kwamba mifupa iliyookotwa porini, magharibi ya Kaliua, ni ya mwanawe Wenceslaus. Jenifa, msaidizi wake, alikuwa amesimama palepale maabara na glovu zake mkononi, akaisikia sauti ya bibi yake ikisema, "Asante baba, asante sana," halafu simu ikakatwa. Hakulia. Mwanamke aliyesubiri miaka kumi na minne, unadhani ana machozi ya kumwaga kwenye simu?

Wenceslaus alikuwa mtoto pekee wa Bibi Eustadia, na ndiye baba yake Jenifa. Alitoka nyumbani Ng'ambo, hapahapa Tabora mjini, akaaga kwamba anakwenda kurina asali kwenye mizinga yake, porini upande wa Kaliua, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Mama yake Jenifa alivumilia, akachoka, akarudi kwao Kaliua na kuolewa upya. Bibi hakuchoka. Alimlea mjukuu, akamsomesha mpaka chuo, na kila matangazo ya vifo yalipoanza redioni aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza majina mpaka la mwisho. Watu walimshauri aweke matanga yaishe. Aliwafukuza.

Mwaka huu warina asali wakaikuta mifupa hiyo kando ya njia ya kale ya misafara, ile iliyokuwa ikikata miombo kwenda Ujiji. Wazee wa kijiji cha karibu wakasema ni mpagazi wa zamani, aachwe alale. Polisi walipofukua kipande cha ndala ya plastiki, habari za wapagazi zikaisha. Nyonga zilisema ni mwanamume mtu mzima. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu.

Sampuli zikaletwa kwenye maabara ndogo ya chuo, maana kwingine foleni ilikuwa ndefu. Jenifa aliambiwa akae pembeni, mambo ya familia yake asiyashike. Sasa maabara ina watu wawili tu, Daktari Octavian na yeye. Pembeni ni wapi hapo? Kwa wiki nzima alizunguka akifuta meza safi.

Daktari alianza na DNA ile fupi ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake. Mama humpa mtoto kama ilivyo, bila kuchanganya na ya baba, na mara nyingi ndiyo inayodumu kwenye mfupa mkavu. Akakwangua unga kwenye mfupa wa paja, akachukua na usufi uliopitishwa ndani ya shavu la Bibi Eustadia, akavisoma vyote viwili kwenye mashine. Herufi kwa herufi vilifanana. Ndipo akanyanyua simu.

Alhamisi kilibaki kipimo kimoja cha kukamilisha kazi, cha kuonyesha kwamba DNA ile ni ya mwanamume kweli. Ni kipimo cha wanafunzi. Daktari akamwachia Jenifa, labda kwa kumhurumia, apate na yeye kumfanyia baba yake kitu. Unachukua kipande ambacho kwa mwanamume kina urefu wa aina mbili na kwa mwanamke aina moja, unakiingiza kwenye mashine ya kunakili, kisha unakipitisha kwenye jeli kwa umeme. Mwanamume hutoa mistari miwili, mwanamke mmoja.

Mashine yenyewe hufanya kazi kwa joto. DNA ni ngazi iliyosokotwa. Joto likipanda nyuzi zake mbili huachana, likishuka kila uzi hujengewa mwenzake mpya, na kilichokuwa kimoja kinakuwa viwili, vinne, vinane, mpaka mamilioni. Haina adabu mashine hiyo. Haiulizi hii imetoka kwa nani wala imefikaje humu. Hunakili inachokikuta, na kilicho kibichi hukidaka kabla ya kikavu.

Jenifa akawasha taa ya jeli. Mstari mmoja.

Akaangalia kile kichupa kilichotiwa maji matupu, kinachowekwa makusudi ili kikamate uchafu wa maabara. Kilikuwa safi. Akarudia kipimo chote tangu mwanzo, akakosea kupima tone akaanza tena. Mstari ukawa uleule mmoja, mnene, unang'aa. Mfupa uliolala juani miaka yote hiyo hautoi mstari kama ule.

Alijishuku yeye mwenyewe kwanza, kwamba labda aliukoholea huo unga. Lakini yeye DNA ile fupi aliipata kwa mama yake wa Kaliua, na iliyosomwa kwenye mfupa ilikuwa ya Bibi Eustadia. Daktari naye ni mwanamume. Akavuta stuli akakaa. Mwanamke mwenye herufi zile alikuwa mmoja tu duniani aliyefika karibu na mifupa ile, na polisi walimpeleka kwa gari lao wenyewe, akaitambue kama anaweza.

Octavian aliitazama jeli muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo upole wake ulimuudhi Jenifa kupita kiasi.

"Mstari wa pili wakati mwingine hupotea," alisema. "Kwenye mfupa mkavu hutokea, unajua."

"Najua."

"Tunaweza kuandika kwamba kipimo hiki hakikutoa jibu. Hatutakuwa tumedanganya. Mifupa hii haidaiwi na mtu mwingine, Jenifa, na kaburi limeshachimbwa. Mwache mama wa watu apumzike."

"Daktari, wewe unaamini huo mstari umepotea?"

Daktari alivua miwani akaanza kuifuta na kona ya koti lake. "Simu ile niliipiga mimi," akasema. "Ningejua nisingeipiga."

Jenifa aliondoka bila kuvua koti la maabara. Njia nzima alibishana na nafsi yake, na tusidanganyane, nusu ya nafsi hiyo ilikuwa upande wa Daktari. Nani angejua? Bibi angezika, angelia, angelala. Na yeye Jenifa angepata mahali pa kupeleka maua siku ya marehemu wote, kama watu wengine wenye baba zao makaburini. Aliitaka hiyo.

Nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Ndugu wa Bukene walishafika, wanawake wa jumuiya walikuwa wanaimba, masufuria yamepangwa. Bibi Eustadia alikuwa chumbani, amejinyoosha juu ya mkeka mchana kweupe. Jenifa hakuwahi kumwona amelala mchana. Uso wenyewe ulikuwa umelainika, umerudi nyuma miaka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona na koti la kazini? Umekula?"

"Nitakula." Akapiga magoti mkekani. "Bibi, ile siku polisi walipokupeleka porini. Uliigusa mifupa?"

"Niliambiwa nisiguse. Sikugusa."

"Hata kidogo?"

"We mtoto, mimi na utu uzima huu nigombane na askari? Sikugusa."

"Basi ulifanya nini, bibi? Ulifika ukasimama tu?"

Bibi Eustadia aliutazama mlango, kule walikokuwa wakiimba wenzake wa kanisani, kisha akashusha sauti. "Padri asisikie. Nilikuwa nimefunga unga wa mtama kidogo kwenye pindo la khanga. Yule askari alipogeuka kupokea simu, nikautia mdomoni na maji, nikampulizia. Mama yangu alifanya hivyo kwa watu wake, na mama yake. Mtoto wangu kalala chini miaka yote bila mtu wa kumwita jina, halafu mimi nifike nimtazame kama gunia? Nikamwita. Nikampulizia kuanzia kichwani mpaka miguuni. Lakini kugusa, sikugusa."

Jenifa alijua kwamba hapo angeweza bado kunyamaza, akamshika mkono, akasema umefanya vizuri bibi. Maneno hayo yalimfika mdomoni kabisa.

"Mate yako yalikaukia juu ya mfupa," alisema. "Ni mabichi kuliko kitu chochote kilichokuwemo. Yameingia kwenye mashine yakafunika kila kitu. Tuliyemsoma ni wewe, bibi."

Nje wimbo ulikwisha wakaanza mwingine. Bibi Eustadia aliinuka polepole akakaa, akaivuta khanga mabegani.

"Mmenipima mimi mara mbili."

"Ndiyo, bibi."

"Na yeye?"

"Yeye bado hajapimwa."

"Ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua."

"Sasa ulikuja kufanya nini, Jenifa?"

"Ni baba yangu," Jenifa alisema, na hapo ndipo machozi yakamtoka. "Na mimi nataka awe yeye."

Bibi hakumbembeleza. "Kapimeni," akasema. "Hawa nitawaambia padri ana safari, mazishi tunasogeza."

Safari hii walichukua jino. Jino limefungwa kila upande, na mate ya mtu hayafiki ndani yake kirahisi. Walilisugua kwa jiki, wakalianika chini ya taa ya kuulia uchafu, wakakwangua ngozi yote ya nje wakaitupa, ndipo wakatoboa katikati na kupata unga usiojaza hata ncha ya kucha. Octavian hakumwambia tena akae pembeni.

Jeli ikatoa mistari miwili. Ilikuwa hafifu, inaonekana kwa kuinamia, lakini ilikuwa miwili. Jenifa aliziba mdomo kwa kiganja. Alimwona baba yake amesimama mlangoni na ndoo ya masega, kama alivyokuwa akimwona alipokuwa mdogo, na kwa muda ule mfupi alikuwa na hakika kuliko Daktari, kuliko Bibi, kuliko mtu yeyote.

Kisha mashine ikazisoma herufi za upande wa mama. Zilianza kuachana na za Bibi Eustadia karibu na mwanzo, zikaachana tena mbele, na tena. Kichupa cha maji kilikuwa safi. Walitoboa jino la pili, likasema yaleyale. Alikuwa mwanamume fulani, mtoto wa mama mwingine.

"Pole," Octavian alisema, akatoka nje.

Bibi Eustadia alikuwa jikoni akichambua mchele wa wageni alipoingia Jenifa. Alimtazama usoni mara moja tu, akauweka ungo chini.

"Siye," alisema Bibi.

"Siye, bibi."

"Kwa hiyo Wenceslaus yuko hai."

"Sijui."

"Basi amekufa."

"Bibi, sijui. Mashine inasema tu kwamba huyu siye. Haijui zaidi ya hapo."

Bibi Eustadia alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa bei ya kitu asichokuwa na nia ya kukinunua. Vidole vyake vilikuwa bado na vumbi la mchele. Jenifa akanyoosha mkono avishike. Bibi akavivuta akavificha ndani ya khanga.

"Jumatano nilikuwa na mtoto aliyekufa," alisema. "Nilimpata, Jenifa. Nililala. Leo sina hata huyo."

Jenifa aliinama akausogeza ungo pembeni.

"Nenda uani ukawaambie warudi makwao," Bibi alisema. "Kawaambie wewe. Wewe ndiye unayejua."

Jenifa akatoka. Chini ya turubai wanawake walimwona wakaacha kuimba, mmoja akamsogezea kiti.