Kitambaa cha Kai

Nimekaanga kuku miaka thelathini na moja katika mji huu wa Hamakiri, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumfukuza mteja, isipokuwa Ogata. Yeye nimemfukuza mara nne, zote kwa sababu ya mpira.

Jumapili ile ya mwisho wa msimu nusura iwe ya tano. Walikuwa wamekaa kaunta, yeye na Nishimuta kinyozi, sahani za toriten, kuku wangu wa kukaanga, mbele yao, skafu za kijani shingoni, na saa sita hata haijafika. Ogata alikuwa tarishi. Amestaafu, lakini sauti bado ni ile ya kuita watu mlangoni. Walikuwa wanambishania Yura, winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka ishirini.

"Mechi moja anacheza kama ana mashetani, saba zinazofuata hata hujui kama kaingia," alisema Ogata. "Juzi kapiga krosi ikatua kwenye maegesho. Juu ya gari la nani? Langu!"

"Unaegesha vibaya, ulistahili," Nishimuta akamjibu. "Na lile goli la mwezi wa tano je? Kawapiga chenga mabeki watatu, kipa kakaa chini mwenyewe. Wewe ndiye ulinikumbatia ukanilowesha shati kwa machozi."

"Yalikuwa mafua."

"Mwezi wa tano, mafua!"

"Nasema hivi, angekuwa na kitambaa, leo ningekitundika kichwa chini ajue tumemchoka. Lakini hata kitambaa hana. Nani ahangaike kumshonea?"

Hapo alisema kweli. Uwanjani kwetu kila mchezaji ana kitambaa chenye jina lake, kimefungwa kwenye reli ya jukwaa nyuma ya goli. Cha Yura hakikuwepo msimu mzima.

"Kai hakuwa hivi," nikasema, nikigeuza kuku kwenye mafuta.

Wote wawili wakainamia sahani zao. Juu ya Kai hakuna anayebishana dukani kwangu. Kai alikuwa winga wetu timu ilipokuwa changa, na mume wangu Bunpei alimpenda kuliko alivyowapenda ndugu zake. Bunpei alikuwa mchora mabango. Alinunua kitambaa cheupe, akakitandaza sakafuni hadi tukakosa pa kulala, akaandika kwa brashi nene kama ufagio herufi moja tu ya Kijapani, ya kwanza katika jina la Kai: boksi lenye msalaba ndani, na mkia mrefu ukishuka chini. Na Kai alipopoteza mpira, Bunpei alisimama na kupiga kelele mishipa ikimtoka: "Mpeni tena!" Mimi nilikuwa namvuta koti kwa aibu. Kaa chini baba, watu wanatutazama.

Bunpei alifariki miaka mitatu iliyopita. Kitambaa nilikitia kabatini, na kelele zile zikaisha. Lakini mwaka huu klabu imetimiza miaka thelathini, mashabiki wakaombwa walete vitambaa vya zamani. Nilitaka cha Bunpei kitundikwe mara moja zaidi, kimesimama sawasawa kama alivyokisimamisha yeye, ili mtu aulize ni kazi ya nani na mtu mwingine amtaje jina. Sikuwa na haja nyingine siku ile.

Nikakileta kaunta kikinuka naftalini. Tulipokikunjua, tukaona doa la kahawia pembeni.

"Hili nini, Mama Chizue?" Nishimuta aliniuliza.

Ogata akajikuna shingo. "Chai yangu. Siku ile ya mvua, Kai alikosa goli tupu, nami nikarusha kikombe. Bunpei alininunia wiki mbili."

"Ulimrushia Kai?" Nishimuta alicheka mpaka akashika kaunta. "Kai yule yule asiyekosea?"

"Shemeji, tuseme ukweli tu," Ogata akanigeukia. "Kai alitutia presha. Mechi moja dhahabu, sita matope."

"Toka nje," nikamwambia, lakini bila nguvu. Nilikuwa nimeikumbuka mvua ile. Nikakumbuka pia kwamba Bunpei alirudi nyumbani bila sauti karibu kila Jumapili, na mtu hapotezi sauti kwa kumshangilia mchezaji asiyepoteza mpira.

Uwanjani nilimpa Ogata kitambaa akifunge, mimi nikashuka kununua chai. "Uangalie juu na chini," nikamwonya.

"Shemeji, nimegawa barua miaka arobaini. Herufi utanifundisha wewe?"

Sasa, anayefunga kitambaa kwenye reli hukiona mgongo tu. Anayekisoma ni aliye chini. Nilipogeuka na vikombe mkononi nikakiona, na mkia umeelekea juu. Kai wa Bunpei, kichwa chini, mbele ya uwanja mzima, kama mtu aliyetukosea! Nilipanda ngazi mbili mbili, chai ikiniunguza vidole, machozi yameshanitangulia.

"Ogata! Mzee mpumbavu wewe! Mume wangu amekufanya nini?"

Alichungulia chini ya reli, akawa mweupe. "Samahani shemeji. Samahani sana. Nakifungua sasa hivi."

"Ngojeni," alisema Nishimuta. "Mtazameni kwanza yule."

Wachezaji walikuwa wanapasha misuli. Yura alikuwa amesimama. Pasi ilimpita miguuni wala hakuiona, kwa sababu alikuwa anatazama reli yetu. Hapo ndipo nilipokisoma kitambaa kama anavyokisoma mtu asiyejua habari zetu. Boksi lenye msalaba ndani, na mkia ukipanda juu. Hiyo nayo ni herufi. Ndiyo ya kwanza katika jina la Yura.

Kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anayehakikisha barua si ya jirani. Kisha akabana mikono mapajani akatuinamia. Aliinama muda mrefu hadi kocha akamwita mara mbili.

Mkono wa Ogata ulikuwa bado kwenye fundo. "Nifungue?" akaninong'oneza.

Nilitamani Bunpei awepo wakati ule. Yeye angejua la kufanya. Au asingejua, angecheka tu.

"Kaza," nikasema. "Upepo utakiondoa."

Dakika ya pili ya mchezo Yura akapata mpira wake wa kwanza. Akataka kumpita beki, akajikwaa kwa mguu wake mwenyewe, mpira ukatoka nje. Jukwaa zima likaguna. Ogata akashika kichwa. Nikasikia mtu akipiga kelele kwa sauti iliyopasuka, "Mpeni tena!" na Nishimuta akawa ananivuta koti.

"Mama Chizue, kaa chini, watu wanatutazama."

"Watazame," nikasema, nikapanda juu ya kiti. "Mpeni tena!"

Wakampa.