Mlango wa Paskalina

Mwanne alivumilia mkono wa kitasa wa kwanza, akavumilia na wa pili. Mumewe alipofika rafuni kuchukua wa tatu, uvumilivu ulimwisha. Akajifanya anafuta vumbi kwenye maboksi ya skrubu, na jicho lake halikubanduka kwa mume.

Duka lao lilikuwa Nyasubi, mjini Kahama. Waliuza vitasa, bawaba na vikorokoro vyote vya milango ya PVC, ile milango myeupe ya plastiki ngumu ambayo siku hizi kila aliyebahatika machimboni lazima aiweke, hata kama ndani ya nyumba hana kiti. Mwanne alikaa kaunta. Mumewe Abdulshakur, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Shakuru, alizunguka na begi la vifaa akifunga na kutengeneza. Alikuwa fundi hasa, wa kuitwa mpaka Geita wakati Geita ina mafundi wake. Na aliyemwita kuliko wote siku hizi alikuwa mjane mmoja wa Nyihogo, jina lake Paskalina, ambaye mkono wa kitasa chake ulikuwa unavunjika kama biskuti.

Shakuru aliugeuza mkono wa rangi ya dhahabu kwenye mwanga. Akaupima kwa futi kutoka katikati ya kile chuma cha pembe nne mpaka katikati ya tundu la ufunguo, akapima na nafasi ya skrubu ya juu na ya chini, akarudia kupima. Kisha akaurudisha rafuni na kushika mwingine, wa kijivu.

"Ule unang'aa mno," alisema. "Yule mama anapenda vitu vilivyotulia."

Hapo ndipo Mwanne aliposimamisha kitambaa chake. Mlango wa nyumbani kwao ulikuwa na mkono uliolegea tangu mfungo wa mwaka juzi, wakaufungia waya, na kila alipomkumbusha mumewe alijibiwa kwamba mganga hajigangi. Kumbe mganga anaganga, ila anachagua mgonjwa.

"Alikwambia lini, Baba Zakia?"

"Alinambia nini?"

"Kwamba anapenda vitu vilivyotulia."

"Wateja wanasema, Mama Zakia. Kazi yetu si kusikiliza wateja?" Akautia mkono begini, akatoka. Shati lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi. Fundi gani, jamani, anapigia pasi shati la kwenda kutoboa mlango?

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mwanne hakukonda. Alinenepa kwa hasira, akala chapati za chai mbele ya kaunta bila kuhisi ladha, huku akimtengeneza yule mjane kichwani. Alimpa kiuno, akampa sauti ya kudeka, akampa dirisha la kuchungulia njia fundi anapokuja. Akamwona anaushika ule mkono wa mlango kwa makusudi na kuukwanyua, halafu anachukua simu na kusema fundi njoo. Mwanamke aliyefiwa na mume na kuachiwa nyumba nzuri, akaona kilichopungua ni mwanamume tu, akaamua kumvua kwa chambo cha kitasa. Ndivyo Mwanne alivyoamini, na alivyozidi kuamini ndivyo ilivyozidi kumchoma.

Alichokiogopa kilikuwa na jina. Aliogopa mke mwenza. Mama yake mzazi, kule Tabora, aliishi na wenza, na Mwanne alikua akimwona anasubiri zamu yake. Aliapa yeye hatasubiri zamu ya mtu. Dini ilimruhusu Shakuru, hilo hakulibishia. Lakini siku Shakuru atakapotamka neno hilo, yeye angefunga mzigo wake na kuondoka, aache duka, aache ndoa, aache kila kitu walichojenga pamoja. Kwa hiyo haukuwa mkono wa mlango tu ule.

Shakuru aliposafiri kwenda Geita kufunga milango ya nyumba ya wageni, Mwanne alifunga duka mapema. Alijifukiza udi, akavaa baibui lake la sikukuu na kujipaka wanja uliokolea. Halafu, kwa kuwa hata vita vinahitaji kisingizio, akabeba kimkoba chenye bisibisi na zile spana ndogo za L. Angesema ametoka dukani kukagua kitasa. Kwamba yeye ni nani, asingesema. Alitaka kumwona huyo mwanamke kabla hajajua anaonwa na nani.

Huko Nyihogo alimkuta Paskalina uani anapepeta dengu.

"Mwadila," mwanamke alimsalimu kwa Kisukuma, akanyanyuka na kumsogezea kigoda. "Karibu, mayu. Pita, mama."

Alikuwa mzuri. Tuseme ukweli, maana Mwanne mwenyewe aliusema moyoni. Alikuwa mrefu, ngozi nyororo, mwenye utulivu wa watu wa Kishapu waliokua wakichunga ng'ombe na hawana haraka na mtu. Hakuwa na wanja wala hina. Mwanne alijiona amejipaka rangi kama ukuta wa saluni.

"Natoka dukani kwa Fundi Shakuru," alisema kwa ukavu. "Nimekuja kuangalia huo mlango."

Paskalina akaweka ungo chini kwa furaha ya mtu aliyechoka. "Afadhali. Mimi huu mlango umenishinda. Fundi ni mpole, anakuja, anabadilisha, anakunywa chai yake, anaondoka. Siku chache, puu, umekatika. Mpaka naona aibu kumpigia. Mama mkwe wangu anasema ni masamva, mizimu ya ukoo. Marehemu mume wangu Gregory hakupenda nyumba ifungwe mapema, basi sasa anakataa mlango. Jumapili wazee wanatoka Kishapu na mbuzi kuja kutambika."

"Kutambikia kitasa?"

"Tufanyeje sasa? Fundi bora wa Kahama mzima ameshindwa. Kilichomshinda yule si cha hapa duniani."

Mwanne alimkazia macho atafute mzaha, hakuuona. Akatafuta ujanja, nao hakuuona. Huyu alikuwa mtu aliyechoshwa na mlango. Wivu ukakosa pa kukaa, ukawa unazungukazunguka kifuani.

"Nionyeshe unavyoufunga," alisema.

Milango hii hufungwa kwa kuinua mkono juu kwanza, ili kulabu zilizo ndani ya ubavu wa mlango ziingie kwenye matundu ya fremu, ndipo ufunguo ugeuzwe. Mtoto mdogo anaweza. Paskalina alishika mkono ule wa kijivu kwa mikono yake miwili, akajipinda, akauvuta juu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mlango ukalia kama unang'olewa jino.

Mwanne hakuhitaji kuona zaidi. Juu, upande wa kitasa, kati ya mlango na fremu, palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Chini, mlango ulikuwa umekwangua kizingiti mpaka umekichora mstari. Mlango ulikuwa umeshuka kwenye bawaba. Kulabu hazikukutana na matundu yake, kwa hiyo kila siku Paskalina alilazimisha, na kila ukilazimishwa mkono hukatika. Ungeweza kumbadilishia mikono yote ya dukani na bado ingekatika. Tiba ilikuwa kuinua mlango kwa kuzungusha skrubu za bawaba, kazi ya muda wa kikombe kimoja cha chai. Hata Mwanne, wa kukaa kaunta, kabla ya kumuuzia mtu mkono wa kitasa humuuliza kwanza, bawaba zako ziko sawa?

Shakuru asingeshindwa kuona. Yule alikuwa mtu wa kurudisha mlango kiwandani kwa kosa la unene wa ukucha.

"Labda hakuangalia huku," Mwanne alijisemea, na kwa muda mfupi akalishikilia hilo neno kama mtu anayeshikilia ukingo wa kisima. Akapiga magoti kwenye bawaba. Kahama ni vumbi, vumbi jekundu linakaa kila mahali, na vifuniko vya bawaba mbili vilikuwa vyekundu kwa vumbi hilo. Cha tatu, cha chini, kilikuwa cheupe pe. Alikibandua. Ndani mlikuwa na grisi mbichi, na skrubu ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho, kwa upande wa kushusha.

Alibaki amepiga magoti pale. Alikuwa amekuja na chuki yake yote, ameibeba njia nzima, na sasa hakuwa na mwanamke wa kumkabidhi. Huyu hakumwita mtu. Mume wake ndiye aliyekuwa anajiita mwenyewe, kila wiki, kwa spana.

Na kilichomuuma kuliko vyote hakikuwa chai. Shakuru aliupenda ufundi wake kuliko alivyoipenda nafsi yake. Aliwahi kukosa kazi kubwa kwa sababu mwenye nyumba alitaka alipue kazi, amalize haraka. Na mtu huyo, kwa ajili ya kukaa kidogo uani kwa Paskalina, alikuwa amekubali kazi yake iwe mbovu na jina lake lisemwe kuwa limeshindwa. Kwa ajili ya Mwanne hakuwahi kuharibu hata skrubu moja. Mwanne aliona wivu upya.

"Vipi, mayu? Umeona kitu?"

"Nimeona. Shika mlango hapa, uinue kidogo. Hivyo hivyo."

Wakafanya kazi wawili, mmoja ameinua, mwingine amekaza, bawaba ya chini, ya kati, ya juu, wakifunga na kufungua kuangalia mwanya. Jasho lilichuruza wanja wa Mwanne mpaka mashavuni. Mwishowe akamwambia mwenzake ajaribu. Paskalina alijipinda kwa mazoea, akashika kwa mikono miwili, na mkono ukapanda juu wenyewe kwa ulaini hata akapepesuka.

Akacheka, akajaribu tena kwa kidole kimoja. "Kwa hiyo si masamva."

"Si masamva. Wazuie wazee wasije na mbuzi."

"Na fundi hakuona?"

Mwanne alikusanya spana zake. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekufa. "Utamuuliza mwenyewe," alisema.

Paskalina alimfungia dengu kwenye mfuko, akamwomba namba ya simu ili siku nyingine amwite yeye moja kwa moja, dada wa dukani. Mwanne akampa namba. Hakumsahihisha.

Shakuru alirudi kutoka Geita na perege wa kukaanga na habari nyingi. Mwanne alimpokea begi, akamwandalia maji ya kuoga, wala hakumtajia Nyihogo. Akawa anamtazama. Simu ya mumewe ilikaa kando ya sahani kila mlo, na kila ilipolia aliidaka, akaiangalia na kuirudisha. Siku zikaenda. Shakuru alianza kuuliza kwa mbali, kwamba wateja wa Nyihogo wamekuwa wachache, kwamba labda mtandao unasumbua.

"Mtandao uko sawa," Mwanne alijibu. "Labda vitu vya watu vimetulia."

Asubuhi moja Shakuru alitoka na begi, akisema anakwenda Malunga kupima madirisha. Shati lilikuwa na mstari wa pasi mkononi. Mwanne alikaa nyuma ya kaunta, akamwomba Mungu awe kweli amekwenda Malunga. Aliomba hivyo kwa moyo wote, na alikuwa bado anaomba simu yake ilipolia.

"Dada, ni mimi Paskalina. Fundi yuko hapa. Nimemwonyesha mlango ulivyo mzuri, lakini anasema uliukaza mno, utapasuka. Ameshabandua kifuniko cha bawaba, anataka aushushe kidogo. Nimwachie?"

Mwanne alifumba macho.

"Mwambie asiiguse. Mwambie mke wake amekataa."

"Mke wake? Fundi ana mke? Yuko wapi?"

"Ndiye unayeongea naye."

Paskalina hakukata simu. Mwanne alimsikia anavuta pumzi, kisha sauti yake ikasogea mbali, nzito, haina haraka. "Fundi. Kumbe yule dada aliyepiga magoti hapa mlangoni pangu ni mke wako." Kilichosikika ni vyuma vikirudishwa begini kimoja kimoja, na Paskalina akisema apishwe, afunge mlango wake. Kisha simu ikakatika.

Mwanne aliiweka simu juu ya kaunta. Sasa Shakuru angerudi. Hapakuwa na mke mwenza tena, wala mlango wa kwenda kuuharibu, angerudi tu, na labda angemwomba msamaha. Mwanne akajitafuta moyoni auone ule wivu, ajiandae nao kumpokea. Haukuwepo. Alitafuta tena, akaogopa, maana palipokuwa na wivu ndipo palipokuwa na mapenzi yake kwa yule mtu, na napo sasa palikuwa patupu. Mteja akaingia kuulizia mikono ya vitasa, na Mwanne akanyanyuka kumhudumia.