Dada Mgongoni mwa Mchukuzi

Mto ulikuwa umevunja kingo tangu asubuhi. Maji yalipovuka kizingiti cha chumba cha dada yangu, mchukuzi wa magunia wa sokoni aliingia, akamtupa dada begani kichwa chini, kama alivyozoea kubeba mahindi.

"Nishushe!" dada alifoka. "Mimi gunia? Hivyo sipumui!"

"Shangazi, maji hayasubiri maongezi."

"Basi ungeuliza kabla ya kubeba."

Akamrudisha kwenye kiti chake cha magurudumu. Miguu ya dada haijamtii tangu utotoni. Ushonaji ndio unaomlisha. Alivuta kitambaa kirefu mezani, akakipitisha chini ya mapaja, akajifunga kwa mafundo mawili mgongoni mwa mchukuzi aliyechuchumaa. "Haya, simama."

Uchochoroni maji yalitufika mapajani, mekundu kwa udongo; chini hapakuonekana kitu. Shule ya ghorofa ilikuwa hatua mia mbili mbele.

"Ambaa ukuta wa kushoto," nilimwamuru mchukuzi.

"Kaka, hapana. Pana mtaro huko, mifuniko imeibiwa."

"Nyumba hizi nimezijenga mimi, kabla hujajua hata kushika sindano!"

"Umezijenga. Mimi napita hapa kila siku."

Mchukuzi alisita, akiheshimu mvi zangu, na maji yakazidi kupanda. Nikaona ananichelewesha. Nikatangulia kumwonyesha njia. Hatua ya tatu, ardhi ikaniishia miguuni. Maji yalinifika kidevuni kabla sijadaka nondo za dirisha.

"Mzee!"

"Usimfuate, tutazama wote!" dada alimzuia. "Kaka, jivute kwa nondo, rudi ulikotoka. Haya. Sasa njoo nyuma yetu."

Nikajivuta hadi nyuma yao. Mchukuzi akanitazama, akingoja amri.

"Usinitazame mimi," nikasema. "Msikilize shangazi yako."

"Katikati," dada akaanza. "Kulia kidogo. Hapo gurudumu langu lilivunjika mwaka jana, zunguka. Polepole."

Shimo moja baada ya jingine, alituvusha. Mimi nilikuwa nimeyapita yote kwa miguu miaka mingi, sikuwahi kuliona hata moja.

Maji yalikuwa kifuani mchukuzi alipokanyaga ngazi ya shule. Watu walinyoosha mikono wampokee dada. Akaikataa.

"Nigeuze kwanza nimwone kaka."

Mchukuzi akageuka. Nilikuwa nimebaki nyuma, nguvu zimeniishia.

"Bado hatua nne," dada aliniambia. "Ya tatu usiikanyage, pita kushoto."

Sikubisha. Nikapita kushoto.