Dume Ndani ya Raki ya Zabibu

Kichupa kilinuka zabibu. Hilo ndilo lililonitia shaka kwanza, hata kabla sijamtazama vizuri mdudu aliyelala ndani yake, mweusi, mwembamba, mabawa mafupi kama mikono ya shati iliyokunjwa.

Kilikuja kwa basi kutoka Lugbardh, kijiji cha mlimani, kimefungwa ndani ya soksi ya sufu. Aliyekituma ni Mama Prenda, mjane ambaye kijito kinapita nyuma ya zizi lake. Kule juu zabibu haziivi. Watu wanapika raki, ile pombe kali, ya plamu, na nyumba yenye raki nyingine huulizwa imeitoa wapi.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeokota kwenye kijito hicho majike wa aina ya nzi wa mawe, wadudu wa vijito baridi, ambayo sikuwahi kuiona popote. Lakini jike hatoshi. Hawa wadudu hutofautishwa kwa sehemu za siri za dume, msinicheke, ndivyo ilivyo. Bila dume hakuna maelezo, bila maelezo hakuna jina, na kisicho na jina hakina wa kukitetea. Kampuni moja ilitaka kukitia kijito kizima ndani ya bomba ili izalishe umeme, na mahakama ingeketi kuamua kesi hiyo theluji ikianza kuyeyuka. Halafu ghafla, dume huyu hapa. Nilimtaka mno, ndiyo maana sikumwamini.

Fatos, mkuu wa idara yetu ya wadudu, alikinusa kichupa, akakinusa tena.

"Zabibu," alisema. "Lugbardh kuna zabibu, Mimoza?"

"Hakuna."

"Basi huyu katoka bondeni. Watu wa mlimani hao, watakuuza huku unacheka. Ningekuwa wewe ningemwaga mapema, niepuke aibu."

Sikumwaga, ila maneno yake yaliniingia. Ningeandika juu ya mdudu wa kuokotwa kwingine, wakili wa kampuni angenigeuza kichekesho, na kijito kingezikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Wala sikusahau kwamba Fatos ndiye aliyetangulia kwenda kule, akaandika kuwa kijito hakina kiumbe cha maana. Alikwenda Agosti, ilhali nzi hawa wakishakomaa hutoka majini wakati wa theluji. Siku zote nilimsamehe nikidhani ni uvivu.

Nikapanda basi. Mama Prenda alinikaribisha, akanimiminia kahawa na kikombe kidogo cha raki. Nilikipitisha puani kabla ya kunywa. Plamu tupu.

"Unanusa nini? Sumu?"

"Natafuta zabibu, mama."

Aliliweka birika chini taratibu. "Sema kilichokuleta. Mimi si mtoto wa kuzungushwa."

"Yule dume umemtoa wapi?"

"Nyuma ya zizi, juu ya theluji, anatembea kama aliyetumwa dawa."

"Na raki ya zabibu je?"

Alinitazama hadi nikaona haya. Kisha akainama chini ya kabati, akatoka na chupa kubwa, imejaa karibu hadi shingoni.

"Ya yule bwana wenu. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akala jibini langu, akanipa chupa hii, eti ya shamba la baba yake, akaniambia nisiwe na wasiwasi na maji yangu. Halafu tukasomewa alichoandika." Aliigonga chupa kwa ukucha. "Kuinywa, siwezi. Kuimwaga, zawadi haimwagwi. Nikasema basi imtunze huyu mdudu, angalau itende haki mara moja."

Shamba hilo nalijua. Kila mwaka mpya Fatos hutugawia chupa za kwao, na yangu humpa mlinzi wa getini kwa kuwa ya zabibu huniumiza kichwa. Yeye aliposhika kile kichupa alijua ni raki ya nani, akaniambia nimwage. Nilishikwa na hasira, na nyuma ya hasira aibu, kwa kuwa nilimshuku mama wa watu kwa mdomo wa mwongo.

Hata hivyo hasira si ushahidi. Nilimwambia hivyo, nikitegemea atanifukuza. Akachukua shali yake.

"Haya, twende. Ungeniamini upesi ningekudharau."

Kwenye theluji ya ukingoni tuliwakuta, wachache, wakitambaa. Nilimtia dume mmoja wa mabawa mafupi na jike mmoja ndani ya kiberiti kitupu, nikakiweka sikioni. Dume wa nzi wa mawe huita kwa kupiga tumbo lake chini, na jike humjibu wa aina yake tu. Palikuwa kimya, maji yakipita. Halafu mapigo madogo, yakakoma, yakarudi. Na mara, kwa sauti hafifu zaidi, jibu.

Nilimpa Mama Prenda kiberiti. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Anabisha hodi kwanza," alisema. "Kuna watu hawana hata hiyo adabu."

Maelezo nimeyaandika jinsi yanavyotakiwa: kichwa, miguu, mabawa, na zile sehemu msizopaswa kucheka. Kanuni inadai pia kutaja kielelezo kilihifadhiwa ndani ya nini. Nikaandika: raki ya zabibu, zawadi ya Fatos kwa Prenda wa Lugbardh. Kazi haitoki idarani bila sahihi ya mkuu, nami nikampelekea.

Jioni alikuja mlangoni kwangu, karatasi mkononi, kalamu bado mfukoni.

"Sentensi hii ni ya lazima?"

"Kanuni, bosi."

Aliisoma tena. "Yule mama hakuinywa kabisa?"

"Hata tone."

Vidole vyake vikagonga fremu ya mlango, vikanyamaza, vikagonga tena, kama dume ndani ya kiberiti. Sikujibu.