Mtani Aliyevaa Koti la Raymundi

Raymundi alikata roho asubuhi ya Jumanne, kwa kichomi, na kabla jua halijawa kali watu wa Kwihara walikuwa wamejaa uani kwake. Mkewe Veneranda, mwalimu wa shule ya misheni, aliketi mkekani kati ya wanawake. Moyoni hakuwa na msiba tu. Yeye na mumewe walikuwa hawajamaliza ubishi wao.

Ubishi huo ulianza Januari ya 1958, chama cha TANU kilipokutana pale Tabora mjini. Waingereza walikuwa wameleta uchaguzi wa kwanza, na sharti lake: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimwacha hata mmoja, karatasi yako inatupwa. Chama kikaamua kuingia hivyohivyo. Raymundi, katibu wa tawi, akarudisha kadi yake ya chama mchana kweupe.

"Mkono huu nidai uhuru, mkono huu nimchague Mzungu?" alisema.

"Tukisusa, masetla wa Kizungu watazoa viti vyote," Veneranda alimjibu. "Tukiingia, hata huyo Mzungu atakuwa yule tunayemtaka sisi."

Miezi saba walibishana, na ugali ukapoa mara nyingi.

Siku ya pili baada ya mazishi alifika Mabruki, fundi cherehani wa mjini, ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi. Alitoa pole, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, nina ombi zito, na wakati ni mbaya. Jumamosi tunawaonyesha wapiga kura namna ya kuweka alama. Wapo wanaosema wataweka moja tu, kwa heshima ya marehemu. Mimi hawanisikii. Wewe watakusikia."

Kashindye, kaka wa marehemu, aliruka juu. "Huna haya, Mabruki! Udongo wa kaburi bado mbichi! Shemeji, ukienda huko, umemtukana ndugu yangu kaburini."

Veneranda aliinamisha macho. Mjane wa siku mbili atabishanaje na shemeji yake mbele za watu?

Jioni hiyo akafika kwa treni Chilongani, Mgogo wa kazi ya reli huko Tura. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara iliyokwenda pwani kwa miguu, na mtani msibani hana adabu wala haombi radhi. Anasema atakalo, naye hujibiwa lolote, na mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa. Chilongani aliingia ndani bila hodi, akatoka amevaa koti la marehemu, mikono nyuma, kifua mbele, akikohoa kama Raymundi mwenyewe.

"Haya, mke wangu, nimerudi! Kule mbinguni nimewakuta wanapiga kura. Malaika wananiambia, chagua watatu. Nikawaambia mimi mtu wa mmoja tu. Wamenifungia nje, nalala na mbwa!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Mnacheka nini, Wanyamwezi? Mizigo ya Waarabu mliibeba hadi Bagamoyo, leo kura tatu zinawalemea?"

"Na nyie mlitutoza hongo ya njia, hadi ya maji ya kunywa!" akamrudishia bibi mmoja.

Chilongani akasimama mbele ya Veneranda. "Nijibu, mke. Wewe utachagua wangapi?"

"Mwache mjane," Kashindye alisema.

"Simwachi. Asiponijibu, koti silivui, na matanga hamyamalizi."

Veneranda aliinua macho. Shemeji hajibiwi, lakini mtani sharti ajibiwe.

"Raymundi," alimwambia mwenye koti, "ulisema ni aibu kumchagua Mzungu. Wazungu wa Baraza la Kutunga Sheria wameteuliwa na Gavana siku zote, na wewe hukuulizwa. Sasa mimi nimeulizwa. Nitachagua watatu. Na hao wanaotaka kuharibu karatasi kwa heshima yako, nitawaambia hukuwafundisha hivyo. Wewe ulitoka mlangoni, watu wakikuona. Hukubaki ndani ukaharibu kazi ya wenzako."

Chilongani akajishika kichwa.

"Ubishi wa mwanamke huyu! Ndiyo maana nilikufa!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Veneranda naye alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kirefu, na wanawake wakamwacha alie.

Chilongani alivua koti, akamkabidhi Kashindye. Kashindye alilikunja polepole.

"Amemjibu mumewe," alisema hatimaye. "Mimi simo."

Jumamosi Veneranda alisimama mbele ya ubao katika ofisi ya chama, amejifunga kaniki ya msiba. Alichora alama tatu, kila moja mahali pake. Akainuka Alois, karani wa stesheni.

"Na marehemu je, mwalimu?"

"Marehemu alikuwa na kura yake, Alois. Hii ni yako. Njoo uchore nikuone."

Alois akaenda, akachora tatu. Wengine wakafuata.

Uchaguzi ni Jumatatu. Shule ya Kwihara imefungwa siku hiyo, na Veneranda anakwenda mjini na shemeji yake, ambaye hana kisomo wala kipato cha kuruhusiwa kupiga kura, lakini ana baiskeli.